Kupima mnato wa CMC katika maji: mwongozo kamili wa kuijua molekuli kwa bomba la sindano

Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, hutengeneza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Jioni huloweka CMC, ule unga wa kuifanya sabuni iwe nzito, ndani ya ndoo, asubuhi huukuta uji mzito, akauchanganya na ungerol (kiini cha sabuni kinachotoa povu), rangi na manukato, kisha akajaza chupa. Wiki moja mabomba yalikauka, akanunua mitungi ya maji kwa mwenye mkokoteni, maji ya kisima. Asubuhi akaukuta uji chapwa, unachuruzika kama chai. Akafanya alivyofundishwa, akatia konzi moja ya chumvi. Uji ukazidi kulegea. Akanijia na kikombe mkononi: "Mwalimu, hii CMC ni feki, au mimi ndiye niliyekosea?"

CMC ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni maji, na jambo hilo mtu anaweza kuliona kwa macho yake kwa kutumia bomba la sindano la duka la dawa, mizani ya sonara na saa ya simu. Ndiyo kazi ya mwongozo huu. Ukiufuata hadi mwisho utakuwa umepima kitu ambacho maabara za polima (molekuli ndefu kama minyororo) hupima kila siku, yaani mnato asilia, na utajua molekuli moja ya CMC inatawala maji kiasi gani.

Kwanza, tunapima nini?

CMC ni selulosi, ile ile iliyo ndani ya pamba na mbao, iliyopachikwa vikundi vya kaboksimethili ili ikubali kuyeyuka. Ni mnyororo mrefu wa pete za glukosi, kila pete ikichukua karibu nusu nanomita ya urefu. CMC ya kawaida ina vikundi kama 7 hadi 9 kwa kila pete 10. Ikiingia majini, kila kikundi huachia ioni (chembe yenye chaji) yake ya sodiamu na kubaki na chaji hasi. Kwa hiyo mnyororo mzima umejaa chaji za aina moja zinazosukumana.

Mwaka 1920 Hermann Staudinger wa Ujerumani alitoa hoja kwamba vitu kama mpira na selulosi ni molekuli ndefu kweli kweli, zilizoungana kwa viungo vya kawaida vya kemia. Wanakemia wengi wa wakati wake walishikilia kwamba ni molekuli ndogo zilizorundikana tu. Mojawapo ya silaha zake ilikuwa mnato, yaani ule uzito wa kimiminika kutiririka: alionyesha kwamba kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo kiasi kidogo tu kinavyokifanya kiyeyusho kitiririke kwa uvivu. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953. Nalitaja hili kwa sababu chombo chake hakikuwa na ajabu yoyote. Kilikuwa mrija mwembamba na saa.

Tunatumia myeyusho hafifu kwa sababu katika uji mzito minyororo imeshikana kama nywele zisizochanwa, na unachopima ni mshikano wao. Ukitaka kuijua molekuli yenyewe, itenge na wenzake. Kila molekuli iwe na uwanja wake.

Kuunda chombo

Nunua bomba la sindano la mililita 10 na sindano namba 23, ile yenye kitako cha buluu. Ya kijani, namba 21, tundu lake ni pana mno. Maji hupita kwa kasi hadi hesabu zinaharibika. Ondoa kisukumio, bomba libaki wazi juu.

Tafuta beseni pana, la sentimita 30 au zaidi. Funga bomba wima kwenye fimbo au stendi kwa kibanio cha nguo, sindano yote ikizama ndani ya maji ya beseni. Hapa pana siri mbili. Ukiiacha sindano itone hewani, kila tone huning'inia kabla ya kuanguka na hukuibia muda, tena kwa kiasi kinachobadilika kati ya myeyusho na myeyusho. Ikizama, matone hakuna. Pili, beseni pana halipandi: mililita 3 zikiingia, uso wa maji huinuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Piga alama ya kalamu ukutani mwa beseni, na uso wa maji uwe kwenye alama hiyo kila unapoanza, kwa maana kinachosukuma maji kutoka ni tofauti ya kimo kati ya bomba na beseni, na kimo hicho kinahesabika kwa milimita.

Kisha joto. Kwa Mombasa hili ndilo linaloharibu vipimo vingi kuliko mengine yote. Maji kwenye 25°C yana mnato wa milipaskali sekunde 0.890, na kwenye 30°C ni 0.797. Ni karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Ukipima maji alfajiri upepo ukivuma, ukapima myeyusho saa nane mchana chini ya mabati, tofauti utakayoiona huenda yote ni ya jua. Chagua 30°C, ambayo hapa kwetu ni rahisi kuishika: kikombe cha maji moto au vipande viwili vya barafu, koroga, tazama kipimajoto, subiri. Joto linalohesabika ni la kwenye sindano, kwa kuwa huko ndiko msuguano wote uliko. Ndiyo maana tumeizamisha yote.

Kijaribu chombo kabla ya kukiamini. Jaza maji safi, hesabu muda wa uso kushuka kutoka alama ya mililita 8 hadi 5. Utapata dakika kadhaa. Kwa vipimo hivi ni kama dakika sita au saba. Fanya hivyo beseni likiwa 30°C, kisha 25°C. Gawanya muda wa pili kwa wa kwanza. Jibu liwe karibu na 1.12. Ukipata 1.05 au 1.20, usiendelee, ama joto halijatulia, ama sindano ina uchafu, ama bomba limeinama. Mimi huwa sianzi kazi siku yoyote bila jaribio hili, hata kama nililifanya jana.

Kutayarisha myeyusho

CMC hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani unaijua. Unga uliokaa kwenye karatasi iliyofunguliwa unaweza kuwa na maji asilimia 8 au 10 ndani yake ingawa ukiushika ni mkavu. Utandaze kwenye sahani ya kioo, uweke ndani ya oveni ya 105°C kwa saa mbili au tatu, uufunike, upoe, upime upesi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. CMC ya viwandani, ile ya bei nafuu, haikusafishwa: ndani yake mna chumvi ya kawaida na glikoleti ya sodiamu zilizobaki kiwandani, wakati mwingine robo nzima ya uzito au zaidi. Ya chakula husafishwa hadi zaidi ya asilimia 99. Kwa kipimo hiki tafuta ya chakula, au isafishe ya viwandani mwenyewe: ikoroge ndani ya ethanoli ya asilimia 80, iache itulie, mwaga ethanoli, rudia mara tatu, kausha. Ethanoli hiyo huchukua chumvi na kuiacha polima. Moto uwe mbali.

Pima gramu 0.80 za unga mkavu. Chukua mililita 400 hivi za maji yaliyotoneshwa. Kwenye vituo vya mafuta huuzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri usije ukachukua asidi. Yakoroge maji hadi yafanye shimo katikati, kisha nyunyiza unga ukingoni mwa shimo kidogo kidogo, kama anyunyizaye unga wa sima ya wageni. Ukiumwaga kwa pamoja utapata madonge: nje utelezi, ndani unga mkavu, na hakuna kukoroga kutakakoyavunja. Ikiwa mkono wako haujazoea, lowesha unga kwanza kwa vijiko viwili vya chai vya ethanoli. Usitumie blenda. Visu vinavyozunguka kwa kasi hukata minyororo mirefu, na hapo utapima vipande.

Funika, acha usiku kucha. Asubuhi myeyusho uwe angavu. Sasa, na si kabla, tia gramu 2.92 za chumvi safi, koroga iyeyuke, ongeza maji hadi mililita 500. Umepata CMC gramu 1.6 kwa lita ndani ya chumvi ya moli 0.1 kwa lita. Tayarisha pia lita moja ya maji ya chumvi peke yake, gramu 5.84 kwa lita. Hayo ndiyo utakayotumia kuzimulia, na hayo ndiyo utakayoyapima kama "maji matupu". Ukizimua kwa maji yasiyo na chumvi, unapunguza CMC na chumvi kwa pamoja, na kipimo chako kinakuwa cha mambo mawili yaliyochanganyika.

Chuja kwa karatasi ya kuchujia au kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Tundu la sindano ni theluthi moja ya milimita; donge moja usiloliona linaweza kulifunga nusu. Tumia myeyusho siku hiyo hiyo, au uweke frijini usizidi siku mbili. Vijidudu hula selulosi, na kwa joto letu hula haraka.

Kupima

Zimua upate gramu 0.4, 0.8, 1.2 na 1.6 kwa lita. Anza na maji ya chumvi, kisha myeyusho hafifu kabisa, ukipanda. Kila mara suuza bomba mara mbili kwa myeyusho unaofuata na uumwage. Ziba juu ya bomba kwa kidole ukiwa umelijaza kupita alama ya 8, lizamishe mahali pake, ngoja dakika tano lipate joto la beseni, toa kidole. Anzisha saa uso unapogusa 8, simamisha unapogusa 5. Macho yawe sawa na alama. Rudia mara tatu. Zikitofautiana zaidi ya sekunde nne kati ya mia nne, tafuta kosa kabla ya kuendelea. Kosa la mara kwa mara ni povu dogo lililonasa shingoni mwa sindano.

Hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme maji ya chumvi yalitumia sekunde 400, na miyeyusho minne ikatumia 486, 582, 690 na 810.

Gawanya kila muda kwa 400. Unapata 1.215, 1.455, 1.725 na 2.025, nao ni mnato linganishi. Ukitoa 1 unabaki na kile kilichoongezwa na polima peke yake: 0.215, 0.455, 0.725, 1.025. Sasa gawanya kila kimoja kwa ukolezi wake (gramu za CMC kwa lita), na angalia: 0.538, 0.569, 0.604, 0.641. Kama molekuli zisingegusana kabisa, namba hizi zingelingana. Zinapanda kwa sababu hata katika uhafifu huu zinapigana vikumbo kidogo. Chora kwenye karatasi ya mraba, ukolezi chini, namba hizi wima, pitisha mstari ulionyooka na uurefushe hadi ukolezi sifuri. Unakata kwenye 0.50. Hiyo ndiyo mnato asilia, lita 0.50 kwa gramu. Njia hii ya mstari ni ya Maurice Huggins, ya mwaka 1942.

Usiridhike na mstari mmoja. Chukua logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya mnato linganishi, gawanya kwa ukolezi: 0.487, 0.469, 0.454, 0.441. Mstari huu unashuka, nao ukiurefusha unafika pale pale, 0.50. Mistari miwili, mmoja kutoka juu na mmoja kutoka chini, ikikutana sehemu moja, umepima vizuri. Isipokutana, ama myeyusho ulikuwa mzito mno, ama muda wa maji matupu una kosa. Hakikisha mnato linganishi uko kati ya 1.2 na 2 hivi: chini ya hapo makosa ya saa hula jibu, juu yake mstari hupinda.

Namba hii 0.50 ina maana gani? Albert Einstein alionyesha kwamba tufe ngumu ndogo zilizotapakaa majini huongeza mnato kwa mara 2.5 ya sehemu ya nafasi zinayochukua. Gawanya 0.50 kwa 2.5: gramu moja ya CMC ndani ya maji haya inajifanya kama tufe zenye ujazo wa lita 0.2, mililita 200. Unga wenyewe ukiwa mkavu na mshikamano haufiki hata mililita moja. Yaani mnyororo umejikunjua ukazingira maji mamia ya mara kuliko mwili wake, na maji hayo yote yanatembea nao. Kila ninapoifikia hesabu hii hunisimamisha. Kijiko cha chai cha unga, na glasi nzima ya maji imeshikwa mateka.

Chukua pia 1 ugawe kwa 0.50. Unapata gramu 2 kwa lita, ukolezi ambao viwanja vya molekuli huanza kugusana. Chini ya hapo ni maji yenye polima, juu ya hapo unaanza kupata uji. Mtengeneza sabuni anayejua namba hii ya CMC yake hanunui kwa kubahatisha.

Sasa rudia bila chumvi

Hapa ndipo penye jawabu la jirani yangu. Tengeneza CMC ile ile, gramu 0.8 ndani ya mililita 500 za maji yaliyotoneshwa, safari hii bila chumvi hata chembe, na uzimulie kwa maji yaliyotoneshwa. Utaona mara moja kwamba muda ni mrefu zaidi kwa ukolezi ule ule, na pengine itakulazimu uanze na myeyusho hafifu zaidi. Lakini tazama mchoro. Kadiri unavyozimua, mnato kwa kila gramu unapanda. Mstari uliokuwa ukishuka kuelekea sifuri sasa unaelekea juu.

Mara ya kwanza mtu hudhani amekosea. Hakukosea. Katika maji safi chaji hasi za mnyororo zinaonana na kusukumana, mnyororo unajinyoosha. Ioni za sodiamu zinazoelea karibu ndizo zinazozificha chaji hizo kidogo, na kila unapozimua unaziondoa, mnyororo unazidi kunyooka, kila gramu inazidi kushika maji. Umbali ambao chaji moja inaweza kuihisi nyingine unajulikana: kwa 25°C, ndani ya chumvi ya moli 0.1 kwa lita ni kama nanomita 1 tu. Ndani ya moli 0.001 ni karibu nanomita 10. Chaji za CMC zimepangana kila nanomita 0.7 hivi. Kwenye chumvi nyingi, kila chaji humhisi jirani yake na karibu inaishia hapo. Mnyororo hauna sababu ya kunyooka, unajikunja. Kwenye maji safi, chaji moja huwahisi majirani kumi na zaidi kila upande.

Mstari huu usiurefushe hadi sifuri, haukupi jibu. Kwa miyeyusho isiyo na chumvi Raymond Fuoss alipendekeza kuchora kinyume chake, ukolezi ugawanywe kwa mnato ulioongezwa na polima, dhidi ya kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha ukolezi, na mara nyingi hunyooka. Ukizimua kupita kiasi mnato kwa gramu hufika kilele na kuanza kushuka, kwani hata maji yaliyotoneshwa yana ioni chache, na hewa huongeza kabonidioksaidi.

Ukitaka uzito wa molekuli

Mnato asilia hugeuzwa kuwa uzito kwa kanuni ya Mark na Houwink: mnato asilia ni sawa na K mara uzito uliopandishwa kwa kipeo a. K na a ni za polima fulani, katika kiyeyusho fulani, kwa joto fulani, usiziazime. Kwa kujifunza, polivinili alkoholi ni nzuri kwa sababu haina chaji na maji peke yake yanatosha. Kwa 25°C, ukipima kwa desilita kwa gramu, K ni 0.0002 na a ni 0.76. Ukipata 0.60, uzito ni kama gramu 38,000 kwa moli. Iyeyushe ndani ya maji ya karibu 90°C ukikoroga taratibu, na siku hiyo tayarisha barafu ya kutosha.

Kurudi kwenye ndoo

Kisiwa cha Mombasa na sehemu nyingi za Kisauni zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na bahari iko karibu. Visima vingi vina chumvi na chokaa. Ioni za kalsiamu, kwa kuwa zina chaji mbili, huukunja mnyororo kuliko sodiamu kwa kiasi kile kile. Uji wa ndoo ni mzito, minyororo imeshikana, kwa hiyo chumvi haiushushi mnato wake kwa kiasi unachokiona katika myeyusho hafifu; lakini unga ulipotiwa ndani ya maji ya chumvi tangu mwanzo haukukunjuka ipasavyo, na hapo ndipo uji ulipoharibika. Chumvi huongeza uzito wa ungerol, ni kweli, kwa kuwa molekuli za ungerol hujipanga kuwa minyoo mirefu chumvi ikiingia. Fundisho lile ni la ungerol. Akalitumia kwa CMC.

Tulipima na maji yake. Chukua myeyusho wa CMC wa maji yaliyotoneshwa, zimua nusu kwa nusu kwa maji yaliyotoneshwa, pima. Kisha zimua nusu kwa nusu kwa maji ya kisima chako, pima. Ukiona muda umeshuka sana kwenye cha pili, kisima hicho ni cha kusuuzia ndoo.

Siku hizi dada yule jirani yangu huweka akiba mtungi mmoja wa maji ya bomba kwa ajili ya CMC peke yake. Huiloweka humo, huacha ikunjuke hadi asubuhi, huchanganya na ungerol, na chumvi huja mwisho kabisa, kijiko kimoja kimoja, akikoroga na kutazama. Na wewe ukimaliza kupima, suuza sindano kwa maji ya moto papo hapo, mara tano, upulize hewa. CMC ikikaukia ndani ya tundu hilo haitoki kirahisi. Sindano iliyochakaa iweke ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko, isije ikamchoma anayezoa taka.